FamilySearch ukiwa Mwanza: nyaraka za kutegemea, mti wa kushuku

Mwanza ya leo ina familia nyingi zenye mkwe Mmarekani, au wajukuu waliozaliwa Texas na Maryland ambao wakipiga simu ya video Jumapili huuliza upande wao wa pili umetokea wapi. Kwa upande wa huku wapo wazee wa kuulizwa. Kwa upande wa kule, hasa kama mkwe ni Mmarekani mweusi au mtu wa ukoo wa walowezi wa zamani, jibu limelala kwenye makaratasi: sensa, hati za ardhi, wosia na vitabu vya mahakama za kaunti, vingine vya miaka ya 1630. Huduma ambayo karibu kila mtu huelekezwa kwanza ni FamilySearch, kwa sababu ni ya bure. Tathmini hii inajibu swali moja tu: mtu aliyekaa Nyegezi au Kirumba, mwenye kompyuta ya kawaida na bando la kujinunulia, anaweza kuitumia kumfikia babu aliyeishi Marekani wakati wa ukoloni wa Waingereza, yaani kabla ya 1776?

Anaweza, kwa sharti moja tunalolitaja mapema: afanye kazi na nyaraka zake, na ule mti wa ukoo wa tovuti auchukue kama maneno ya kusikia. Ni vitu viwili tofauti vilivyo chini ya paa moja, na ubora wao haukaribiani.

FamilySearch inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo makao yake makuu yako Salt Lake City, Utah. Kazi ilianza 1894 kama chama cha nasaba. Mwaka 1938 wakaanza kupiga nyaraka kwenye filamu ndogo, 1999 wakafungua tovuti, na 2021 wakakamilisha kuzigeuza filamu hizo, zaidi ya milioni 2, kuwa picha za kidijitali. Kufungua akaunti kunahitaji jina, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe au namba ya simu ya kupokelea msimbo. Huombwi kadi ya benki, na hakuna kipindi cha majaribio kinachogeuka kuwa deni. Jambo moja familia ya Kikatoliki, ya AIC au ya Kiislamu ilijue kabla: kwa waumini wa kanisa hilo kutafuta mababu ni sehemu ya imani yao, na majina ya marehemu hupelekwa hekaluni kwa ubatizo wa niaba. Kusoma nyaraka hakukulazimishi kuingiza jina la mzee wako yeyote.

Kipimo tulichokitumia ni Anthony Johnson, Mwafrika aliyefika Virginia zama za mwanzo kabisa za koloni hilo. Tumemchagua kwa sababu njia yake inajulikana vizuri kutoka kwenye vitabu vya mahakama, kwa hiyo ni rahisi kuona tovuti inasema kweli wapi na inakosea wapi. Orodha ya wakazi ya mwanzoni mwa 1625 inamtaja kwa jina moja, Antonio, na kwamba alikuja 1621 kwa meli iliyoitwa James. Mary, aliyekuwa mkewe baadaye, alifika 1622 kwa meli ya Margaret and John. Wote wawili walikuwa kwenye shamba la tumbaku la Bennett. Watafiti humuunganisha Antonio huyo na Anthony Johnson anayeonekana baadaye kwenye rasi iliyo ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake akiwa mtu huru, mwenye mke, watoto, ng'ombe na, kuanzia 1651, hati ya ardhi ya ekari 250.

Ekari hizo 250 zenyewe ni somo la jinsi ya kuzisoma nyaraka za huko. Tangu 1618 Virginia ilikuwa ikitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyelipiwa nauli ya kuletwa kolonini. Hati ya Johnson inaorodhesha majina ya watu 5. Zidisha 5 kwa 50. Anayeanza kazi hii hudhani majina yaliyo ndani ya hati ya ardhi ni ya watoto au ndugu wa mwenye hati, kisha anawapachika kwenye mti. Kwa kawaida ni majina ya watu waliotumika kama stakabadhi tu, na haki ya kichwa kimoja, yaani ya ekari 50, iliweza kuuzwa na kununuliwa, kwa hiyo hata mwaka wa hati hauthibitishi mwaka ambao mtu huyo alifika. Kosa hilo limezaa mababu wa uongo wengi.

Njia yake inaendelea hivi. Mwaka 1653, baada ya moto kumharibia mali, mahakama ya kaunti ilimsamehe Mary na mabinti zake wawili kodi ya kichwa. Uzito wa msamaha huo hauonekani mpaka ujue kwamba tangu 1643 sheria ya Virginia iliwatoza kodi wanawake Waafrika huku ikiwaacha wanawake Waingereza. Mwaka 1655 Johnson alimshtaki jirani yake Robert Parker kwa kumchukua mtumishi wake, John Casor; Casor alidai muda wake ulikwisha, na mahakama ikampa Johnson ushindi na kumrudisha Casor kuwa mtumishi wa maisha. Ni habari chungu kuisoma, na anayetafuta ukoo aipokee kama ilivyo. Mnamo 1665 familia ilihamia Maryland, sehemu iliyokuja kuwa kaunti ya Somerset, wakapanga shamba la ekari 300. Johnson alifariki kabla ya mwisho wa 1670, na mwaka huohuo juri huko Virginia ikaamua kwamba, kwa kuwa alikuwa mweusi, alikuwa mgeni, hivyo ardhi aliyoiacha kule ingeweza kuchukuliwa na serikali ya mfalme. Mwaka 1672 Mary aliwaandikia wajukuu wake watatu ng'ombe. Na 1677 mjukuu wao John alinunua shamba la ekari 44 huko Somerset akaliita Angola.

Sasa fungua mti wa FamilySearch umtafute mtu wa aina hiyo. Mti huo ni mmoja kwa dunia nzima. Kila marehemu anatakiwa awe na ukurasa mmoja, na mwenye akaunti yeyote anaweza kuubadilisha, kama ubao wa matangazo sokoni: huyu anabandika, yule anabandua. Kwa mtu aliyefariki 1950 mfumo huu unafanya kazi vizuri, kwa sababu waliomjua wapo na vyeti vipo. Kwa mtu wa karne ya 17 ni balaa. Kurasa za mtu mmoja hurudiwarudiwa kwa tahajia tofauti, halafu mtu mwenye haraka anaziunganisha na kumchanganya na mwingine wa jina hilohilo. Na Johnson ni kati ya majina ya ukoo yaliyoenea kuliko yote Marekani.

Kuna dalili nne tunazozitazama kabla ya kuuamini ukurasa wowote wa kabla ya 1700. Ya kwanza ni mahali: tovuti huandika makoloni ya wakati huo kama Virginia ya Amerika ya kikoloni ya Uingereza, kwa hiyo ukurasa unaosema mtu alizaliwa Marekani mwaka 1650 umejazwa na asiyejali. Ya pili ni wazazi. Hakuna hati inayowataja wazazi wa Anthony Johnson, hivyo ukurasa wowote unaompa baba na mama wenye majina kamili huko Angola ni wa kutungwa. Ya tatu ni hesabu ya miaka: mama aliyezaa akiwa na miaka 9, mtoto aliyezaliwa baada ya baba kufa miaka miwili. Ya nne ndiyo kubwa, nayo iko kwenye kichupo cha vyanzo. Fungua kila chanzo kilichobandikwa. Ukikuta vyanzo vyote ni miti ya watu wengine, au orodha za majina zisizo na picha ya hati, hapo huna chanzo hata kimoja.

Twende kwenye nyaraka, ambako FamilySearch inastahili sifa zote.

Usianze na babu wa 1650. Anza na mkwe mwenyewe, panda kizazi kwa kizazi, na usiruke hata kimoja. Muombe vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vya wazazi na babu zake, kisha ingia kwenye sensa. Sensa za Marekani hufunguliwa baada ya miaka 72, hivyo ya karibuni unayoweza kuiona ni ya 1950, iliyofunguliwa 2022. Rudi nyuma kila miaka 10, ukijua kwamba ya 1890 karibu yote iliharibika kutokana na moto wa 1921. Kuanzia 1850 kwenda mbele sensa inamtaja kila mtu huru aliye ndani ya nyumba. Kabla ya hapo, hadi ile ya kwanza ya 1790, inaandika jina la mkuu wa kaya peke yake, na waliobaki ni hesabu kwenye safu.

Kwa familia za Wamarekani weusi kuna ukuta unaoitwa wa 1870. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza kuwataja kwa majina wote waliokuwa watumwa. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zinaandika jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa bila jina lake. Kuuvuka ukuta huo kunahitaji nyaraka za pembeni, na hapa tovuti ina mzigo mzito: kumbukumbu za ofisi ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1865 hadi 1872), na za benki yao ya akiba (1865 hadi 1874). Fomu za benki hiyo ni dhahabu, kwa kuwa mara nyingi zinataja mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi na ndugu, na pengine jina la aliyekuwa bwana wao, yaani mmiliki. Ukishampata bwana, fuata mirathi yake. Watumwa waliorodheshwa kama mali, kwa jina na thamani, kwenye makadirio ya mali ya marehemu. Jina la bibi yako linaweza kuwa mstari mmoja kati ya jembe na godoro.

Na ukivuka hapo kuelekea karne ya 17 na ya 18, fuata upande wa mama. Sheria ya Virginia ya 1662 ilisema mtoto anafuata hali ya mama yake, awe huru au mtumwa. Kwa msomaji wa Kisukuma, aliyezoea kwamba mahari iliyolipwa ndiyo huamua mtoto ni wa upande gani, hili linahitaji kugeuza fikra kidogo: mtu mweusi aliyekuwa huru mwaka 1720 mara nyingi alikuwa huru kwa sababu mama au bibi alikuwa huru, hivyo ndiye wa kutafutwa mahakamani.

Jinsi ya kutafuta. Kisanduku cha jina kilicho ukurasa wa mbele hakitakufikisha mbali, kwa sababu kinaona zile nyaraka zilizokwisha kuorodheshwa majina tu, na nyingi za kikoloni hazijaorodheshwa. Nenda kwenye katalogi, utafute kwa mahali, na ngazi unayoitaka ni kaunti. Hapo ndipo wengi hukwama, maana kaunti za kikoloni zilikuwa zikikatwa na kubadilishwa majina. Ardhi ya Johnson ilikuwa kaunti ya Accomack ilipoundwa 1634. 1643 ikaitwa Northampton. 1663 sehemu ya kaskazini ikakatwa na kurudishiwa jina la Accomack. Somerset ya Maryland imeundwa 1666, mwaka mmoja baada ya familia kufika. Anayemtafuta Johnson wa 1640 kwenye Accomack ya leo pekee, au wa kabla ya 1665 kwenye vitabu vya Somerset pekee, atatoka mikono mitupu na kudhani hati haipo. Kabla ya kufungua filamu yoyote chora kwenye karatasi: mwaka, mahali, na wakati huo palikuwa chini ya kaunti gani.

Bahati ya mtafiti wa eneo hili ni kwamba vitabu vya mahakama vya Accomack na Northampton vinaendelea bila kukatika tangu 1632, na hakuna vingine vya kaunti katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika vilivyodumu hivyo kwa muda mrefu kiasi hicho. Kaunti nyingine za Virginia hazikupona. Za James City, mahali penyewe koloni lilipoanzia, ziliteketea Richmond 1865. Babu yako akiwa wa kaunti iliyoungua, jiandae kutegemea hati za ardhi, kwa kuwa hizo zilitunzwa na serikali ya koloni na si na kaunti.

Katalogi ikikuonyesha kitabu, angalia alama iliyo mwisho wa mstari. Kamera pekee maana yake picha iko wazi kwako. Kamera yenye ufunguo juu yake ina vizuizi. Pengine inafunguka ukiwa kwenye kituo chao au maktaba mshirika tu, na kwa mtu wa Mwanza hiyo ni safari ya kupangwa, kwa hiyo tazama kwanza kwenye ramani ya vituo iliyo ndani ya tovuti. Mara nyingi kitabu hichohicho kinapatikana bure kwenye hifadhi ya jimbo, kama tutakavyoeleza.

Filamu moja hubeba vitabu viwili au vitatu. Katalogi ikisema kitabu chako ni cha pili, pitiliza hadi uone ukurasa wa kutenganisha. Kisha tafuta faharasa, ambayo huwa mwanzo wa kitabu, mwisho wake, au kwenye kitabu cha peke yake. Namba ya ukurasa si namba ya picha. Kwa kawaida picha moja ina kurasa mbili, hivyo ukurasa wa 210 utakuwa karibu na picha ya 105, ongeza majalada na faharasa. Ruka moja kwa moja hadi hapo badala ya kufungua picha mojamoja. Ni tofauti kubwa kwa bando lako.

Kuna pia utafutaji wa maandishi kamili, uliotolewa kwa umma 2024, ambapo akili mnemba imesoma mwandiko wa mikono wa hati za ardhi na wosia za Marekani. Huu umeibadilisha kazi hii kwa kiasi ambacho ni vigumu kukieleza kwa asiyewahi kupekua filamu kwa macho, kwa sababu unampata mtu aliyetajwa katikati ya wosia wa jirani. Weka alama za nukuu kuzunguka jina kamili, weka alama ya kujumlisha mbele ya neno ambalo lazima liwepo, na nyota mahali pa herufi usizo na hakika nazo. Kwa mfano: "Anthony Johnson" +Northampton. Kisha chuja kwa mwaka na mahali. Andika maneno ya wakati ule, hata yale yanayoumiza masikio leo, kwa kuwa mashine inatafuta kilichoandikwa. Kuanzia katikati ya karne ya 18 matokeo yanaridhisha sana. Kwa mwandiko wa miaka ya 1600 usitegemee. Mashine inakosa mengi, na kutopata kitu si ushahidi kwamba hakipo.

Kwa hiyo macho yako bado yana kazi. Makarani wa karne ya 17 waliandika herufi e iliyogeuka nyuma, s ndefu inayofanana na f, u na v kwa kubadilishana, na ff mbili kumaanisha F kubwa. Walifupisha majina: Jno. ni John, Antho. ni Anthony. Tahajia haikuwa na kanuni. Yule Casor wa kesi ya 1655 hudhaniwa kuwa ndiye aliyeandikwa Gesorroro kwenye hati ya 1651. Andika orodha ya tahajia zote unazoweza kuzifikiria kabla hujaanza, ukitamka jina kwa sauti na kulisikiliza kama karani ambaye hajawahi kuliona.

Tarehe nazo zina mtego. Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Februari ya 1624 kwa hesabu yao ni Februari ya 1625 kwa hesabu yetu, ndiyo maana utaona imeandikwa 1624/25. Ukibadilisha bila kufikiri utapata mtoto aliyebatizwa kabla hajazaliwa. Iandike tarehe kama ilivyo kwenye hati, na miaka yote miwili. Septemba ya 1752 ilikatwa siku 11: tarehe 2 ilifuatwa na tarehe 14.

Mahali ambapo FamilySearch haitoshi, usiingie gharama kabla ya kugonga milango miwili ya bure. Maktaba ya jimbo la Virginia imeweka mtandaoni picha za hati za ardhi za koloni, na zinatafutika kwa jina la mwenye hati. Hifadhi ya jimbo la Maryland imeweka kumbukumbu za mahakama zilizokwisha kupigwa chapa, pamoja na za Somerset za kuanzia 1665, kwa hiyo hapo huhitaji kupambana na mwandiko. Kuhusu mti, tunaupendelea WikiTree, ulioanza 2008 na ambao pia ni bure. Nao ni mti mmoja wa pamoja, ila mtu haruhusiwi kugusa kurasa za kabla ya 1700 mpaka apate kibali maalumu, na vyanzo vinadaiwa. Hilo tu linapunguza uchafu mwingi. Ancestry, tovuti nyingine ya nasaba lakini ya kulipia, ina nguvu kwenye sensa na vyeti vya karne ya 20. Kwa babu wa karne ya 17 hatuoni sababu ya kuanzia huko.

Sasa mambo ya Mwanza. Simu ina programu yake na inatosha kwa kuona mti na kupakia picha za familia, lakini kupekua vitabu kwenye kioo cha simu ni kujiumiza macho. Tumia kompyuta, hata ya kukodi kwa saa pale steshenari au chuoni. Picha za filamu ni nzito, na kila unapokuza inapakia upya; bando la usiku linafaa kwa kazi hii. Kitazamio kina kitufe cha kugeuza rangi, nyeusi iwe nyeupe, na cha kuongeza mwanga. Hati iliyofifia mara nyingi husomeka ukivitumia vyote viwili.

Ukipata ukurasa wako, upakue hapohapo, usisubiri umeme ukatike. Faili litashuka na jina la herufi na namba zisizo na maana, kwa hiyo libadilishe papo hapo: mwaka, kaunti, aina ya hati, kitabu, ukurasa. Nakili pia anwani ya picha, ile yenye neno ark ndani yake, kwa kuwa hiyo ndiyo ya kudumu. Anwani ya matokeo ya utafutaji haidumu. Ukienda kuprinti omba A3. Kurasa mbili za kitabu cha karani zikibanwa kwenye A4 mwandiko unakuwa uzi mtupu. Wengi huprinti A4 kwa sababu ni rahisi, kisha wanarudi tena.

Familia nyingi zikishamaliza upande wa mkwe hutaka kuingiza na upande wa huku, ili wajukuu waone pande zote mbili mahali pamoja. Inawezekana, ila mfumo umetengenezwa kwa watu ambao jina la ukoo halibadiliki. Kwetu mtoto hubeba jina la baba, ambaye alibeba jina la babu, hivyo kila kizazi kina jina lake la mwisho, na vidokezo vya mashine havitaambulia kitu. Tumia sehemu ya majina mengine kuandika jina la ukoo, jina la ubatizo na jina la utani wa kazi au ngoma. Mzee mwenye wake watatu: ingiza wote watatu na umuunganishe kila mtoto na mama yake, la sivyo mfumo utawarundika wote kwa mke wa kwanza. Mchoro utaonyesha mke mmoja kwa wakati. Wengine unawafungua kwa kubonyeza, hawajapotea. Mahali paandikwe kwa jina la wakati wake, Tanganyika kwa kabla ya Uhuru, na Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa waliozaliwa Mwanza kabla ya Wajerumani kuondoka 1916.

Kuhusu hati za upande huu, usikae kwenye kioo ukisubiri. Parokia ya Bukumbi imekuwapo tangu Mapadre Weupe walipofika 1883, na rejesta za ubatizo na ndoa za parokia za zamani huulizwa kwa paroko, ana kwa ana, ukiwa na jina la ubatizo na mwaka wa kukisia. Sauti ya mzee anayetaja ukoo ni kumbukumbu yenye uzito wake. FamilySearch ina sehemu ya kuipakia, na faili lisizidi MB 15, hivyo rekodi vipande vifupi, kipande kwa kila kizazi, na mwanzoni mwa kila kipande mzee ataje jina lake, mahali na tarehe. Aliye hai asiwekwe kama marehemu kwa sababu yoyote ile: ukurasa wa aliye hai unauona wewe uliyeutengeneza, wa marehemu unaonekana na dunia nzima.

Ukurasa ukishauweka sawa, bonyeza nyota ya kuufuatilia, upate barua pepe kila wiki inayoonyesha nani amebadilisha nini. Mtu akibandika wazazi wa kutunga, fungua historia ya mabadiliko, urudishe ilivyokuwa, na kwenye kisanduku cha sababu uandike hati uliyoitegemea, kitabu na ukurasa. Asiye na hati mara nyingi haendelei. Anayeendelea, mwandikie kwa ujumbe wa ndani ya tovuti kwa Kiingereza cha heshima na umuulize chanzo chake kabla hujarudisha tena, kwa sababu safari nyingine anacho, na ni hati ambayo wewe hujaiona.